Muulize Bibi Shamba: Kijito chetu kimekufa, tuanze wapi?

Barua za safari hii zimetoka kwa wakulima walioamua kufufua vijito na vipande vya pori katikati ya mashamba yao. Nimezifupisha, ila maswali ni yao.

*Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima. Tulipata ufadhili tukapanda miche elfu tatu kandokando ya kijito chetu, ili maji yasikauke na ndege na wanyama wadogo warudi. Msimu mmoja baadaye iliyobaki haifiki hata mia mbili. Wafadhili wako tayari kutupa miche mingine. Tupande miti gani?*
*Katibu Aliyechoka*

Marahaba, Katibu. Safari hii msipande kitu, angalau kwa msimu mmoja wa mvua.

Najua hilo silo jibu ulilolitaka. Lakini vikundi vyenye kisa kama chenu nimevitembelea vingi, na mara nyingi mche haukufa kwa ubaya wa aina yake. Uliuawa na kile kile kilichokiua kijito. Nenda mtoni saa mifugo inaposhuka kunywa, na badala ya kutazama mifugo, tazama ukingo. Kila kwato inaacha tundu, tundu linajaa maji, udongo unalegea, ng'ombe anayefuata anaumegua. Siku baada ya siku ukingo unarudi nyuma, kijito kinatanuka, kina kinapungua, jua linakipasha mpaka chini. Maji yakipata joto hayashiki oksijeni kama yalivyokuwa baridi, kwa hiyo samaki wanaanza kupotea hata kabla maji hayajakauka. Mche wa kimo cha goti ukiupanda mahali kama hapo, mbuzi atauona kabla yako.

Basi fedha ya miche iombeeni matumizi mengine: bomba la kuchukua maji huko juu na kuyashusha kwenye birika la kunyweshea mifugo, mbali na kijito, pamoja na uzio. Uzio wa miiba unatosha, mradi awepo mtu mwenye zamu ya kuukagua. Mifugo ikiwa na mahali pakavu pa kunywa, mingi haitajisumbua kuteremka topeni. Wafadhili wanapenda picha ya mtoto ameshika mche, na birika la saruji halipendezi pichani. Wabembelezeni.

Kisha subirini mvua mtazame kitakachoota chenyewe. Ardhi iliyofyekwa mara nyingi ina mizizi hai chini. Huko Niger, mwaka 1983, Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa akihangaika na miche inayokufa kama yenu, alitambua kwamba vile vichaka vifupi alivyokuwa akivipita mashambani vilikuwa visiki vya miti iliyokatwa, vinavyochipua na kufyekwa tena kila mwaka. Yeye na wakulima wakaanza kubakiza machipukizi machache yaliyonyooka katika kila kisiki, wakapogoa mengine na kuyalinda yaliyobaki. Zaidi ya hekta milioni 5 za nchi hiyo zimerudi kuwa na miti kwa namna hiyo. Tanzania wanaiita kisiki hai, na haihitaji kitalu wala ndoo ya kumwagilia.

Palipobaki wazi ndipo mpande, na mkinilazimisha kutaja mti mmoja nitasema mkuyu. Tawi lililokomaa, likisimikwa mvua zinapoanza, linaweza kuota bila kupitia kitaluni. Siku moja pasueni tunda lake mtazame. Ndani mtakuta maua, maana tunda la mkuyu ni maua mengi yaliyojifungia ndani kwa ndani, na humo mna vinyigu vidogo mno, vinavyohitaji kukaribia jicho ili kuviona, ambavyo kazi yao ni kuchavusha mikuyu. Tena mikuyu haizai yote kwa pamoja: huu unamaliza, ule unaanza, hata katika miezi ambayo miti mingine haina kitu. Ndege na popo wanaufuata, na wakiwa matawini wanadondosha mbegu za miti mingine waliyoila kwingine. Upandaji huo hauna posho.

*Bibi Shamba, kwenye chemchemi yetu kuna mikaratusi ya jirani. Kikundi kinataka ikatwe yote. Jirani anasema ndiyo akiba ya ada za watoto wake. Nani ana haki?*
*Wa Chemchemini*

Wote wawili, ndiyo maana mmeshindwa kuelewana.

Mkaratusi unakua upesi na unakunywa upesi. Ukiwa mlimani pakavu unakunywa kinachopatikana. Ukiwa juu ya chemchemi unakunywa mwaka mzima, na kiangazi ndipo mnapoona tofauti. Hata hivyo naomba muache kuuita mti wa shetani. Kwao Australia, mikaratusi ya asili ni makao ya koala na kasuku wa kila rangi. Mwaka 1986, katika jimbo la Victoria, waziri Joan Kirner na kiongozi wa wakulima Heather Mitchell walianzisha Landcare, vikundi vya majirani wanaorekebisha ardhi yao wenyewe, na vikundi hivyo hadi leo hupanda mikaratusi ya asili kando ya vijito vyao kwa moyo ule ule mlio nao ninyi wa kutaka kuing'oa. Kwetu mti huo haukuja na wadudu wake wala wanyama wake, ndiyo maana mkaratusini ni kimya.

Pendekezo langu: anzeni na iliyo karibu kabisa na jicho la chemchemi. Aikate jirani mwenyewe, mbao na nguzo auze yeye. Ya mbali zaidi isubiri ifikie umri wa kuuzwa, na kama ana kipande mlimani msimzuie kupanda mingine huko. Msikate yote siku moja, mvua ikikuta udongo uko uchi mtazika chemchemi kwa mikono yenu. Na visiki vitachipua, msidhani kazi imekwisha. Kila chipukizi ling'olewe likiwa changa, tena na tena, mpaka kisiki kichoke.

*Mwenyekiti wetu ameahidiwa katapila la kunyoosha kijito na kukichimba, ili mafuriko yapite haraka. Wengine tunasita.*
*Wanaosita*

Endeleeni kusita. Maji yatapita haraka kwenu, kweli, na yatafika kwa jirani wa chini yakiwa na nguvu maradufu. Kijito kilichonyooshwa huanza kujichimba chenyewe, na kikishuka, maji ya ardhini pembeni nayo hushuka. Visima hufuata.

Wamarekani walifanya hivyo kwa mto Kissimmee huko Florida. Kati ya 1962 na 1971, mto uliokuwa ukijipinda kwa kilomita 166 uligeuzwa mfereji wa kilomita 90. Maeneo oevu yakakauka, na bata waliokuwa wakihamia huko wakati wa baridi wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 1999 wakaanza kufukia sehemu ya mfereji ule ule walioulipia, kazi ikaisha 2021, na kilomita zipatazo 70 za mto sasa zinapita tena kwenye mikunjo yake ya zamani. Kurudisha kuligharimu mara nyingi zaidi ya kunyoosha.

Mkiwa na katapila la bure, pelekeni juu likachimbe makinga maji mashambani. Mafuriko huanzia huko.

*Shamba langu ni jembamba, linagusa mto upande mzima. Mkiacha ukanda wa pori nabaki na nini? Halafu hilo pori si litaleta kwelea?*
*Mwenye Shamba Jembamba*

Swali lako ndilo vikundi vingi hulikwepa, nami nakushukuru kwa kuliuliza bila kupaka asali. Sheria nazo hazikuonei huruma: Tanzania, kwa mfano, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kuna mashamba ambayo hayana hata mita 60 za upana.

Wenye mashamba mapana wakikaa mkutanoni kupitisha ukanda, wanapitisha juu ya mgongo wako. Dai kitu. Ukanda si lazima uwe pori tupu. Nyasi za kukata na kupelekea mifugo bandani zinachuja tope na mbolea vizuri sana, na mizinga ya nyuki haihitaji kulima. Wasukuma wa Shinyanga wana ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi majani yakiwa yamekwisha kwingine. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, katika mkoa uliokuwa umebaki karibu mtupu, ulijenga juu ya desturi hiyo, na miti ikarudi kwa sababu kila kaya ilijua majani na kuni za ngitili ni za nani. Ninyi mmeandika popote kwamba majani ya ukanda wako ni yako?

Kuhusu kwelea sitakudanganya. Wanapenda kulala kwenye matete mazito na miti ya miiba. Kama unalima mtama au mpunga, usikubali matete matupu yasonge mbele ya shamba lako. Dai miti mirefu na nyasi za kukatwa. Miti hiyo italeta mwewe na bundi, nao watakusaidia kwa panya. Kundi la kwelea hawaliwezi.

*Tumekizungushia kijito uzio kwa misimu miwili. Tutajuaje kama kinapona bila maabara?*
*Wenye Subira*

Ingieni mahali maji yanapotiririka juu ya mawe, inueni jiwe moja taratibu, mligeuze. Mkikuta vidudu bapa vimeling'ang'ania, vyenye mikia miwili au mitatu kama nyuzi, furahini, hao hawavumilii maji machafu. Mabuu ya kerengende ni habari njema ya kadiri. Mkikuta ruba na viminyoo vyekundu peke yao, oksijeni ni haba. Afrika Kusini wana kipimo kizima kilichojengwa juu ya vidudu hivi, kinaitwa miniSASS, na watoto wa shule wanakitumia.

Cha pili ni tope. Mvua kubwa ikinyesha, jazeni chupa mbili angavu zinazolingana, moja pale maji yanapoingia kwenye mashamba yenu na nyingine yanapotoka. Ziacheni zitulie usiku kucha, kisha pimeni kwa rula tope lililokaa chini. Ikiwa ya kutokea ina tope zaidi, tatizo ni lenu. Ikiwa ya kuingilia ndiyo chafu, chukueni chupa zote mbili mwende mkaongee na wenzenu wa juu.

Rudieni mahali pale pale, msimu ule ule wa mwaka, na mtu mmoja aandike daftarini. Na vaeni buti za mpira. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia pembezoni, na hapo ndipo kila mtu husimama kuandika.