Gari dogo la kwanza: barua za kanda ya kati na majibu yetu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Dodoma na jirani zake, na waandishi wake wako karibu kununua gari lao la kwanza au wamelipokea juzi tu. Furaha yao inaonekana hata kwenye mwandiko. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo inayogusa fedha nyingi zaidi.

Shikamooni. Mimi na mume wangu tumejikusanya shilingi milioni 14 kwa miaka minne. Tumeona Vitz namba E, inang'aa kama kioo, odomita inasoma kilomita 61,000. Muuzaji anasema ni gari jipya na kuna mtu mwingine analitaka, hivyo tuache chochote Jumamosi hii. Moyo unanidunda. Tuangalie nini? (Mama Neema, Nzuguni)

Marahaba mama, na hongereni. Miaka minne ya kujinyima si kitu kidogo, ndiyo maana tunawaomba Jumamosi muende kuangalia tu, bila fedha yoyote ya kuacha. Vitz si gari adimu. Likichukuliwa hilo, jingine lipo wiki ijayo.

Tuanze na namba. Herufi E inaeleza gari lilisajiliwa Tanzania lini. Haisemi lilitengenezwa lini. Vitz ya 2006 iliyoshushwa bandarini karibuni hubeba namba E sawasawa na ya 2014. Kwetu "gari jipya" maana yake ni gari ambalo halijatembea sana kwenye barabara zetu, basi. Umri wake uko kwenye kadi ya usajili wa gari: mwaka wa kutengenezwa, cc, namba ya chesisi na namba ya injini. Chesisi ikianza na KSP90, hiyo ni Vitz ya umbo la pili, iliyotoka kati ya 2005 na 2010. Ikianza na KSP130 ni ya umbo la tatu, iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2010. Zote mbili ni cc 996, lakini hazipaswi kuuzwa bei moja. Soma namba iliyogongwa kwenye bodi yenyewe, herufi kwa herufi, uilinganishe na ya kwenye kadi.

Mwambieni muuzaji mtafika saa moja asubuhi na fundi wenu, na asiliwashe kabla hamjafika. Mkifika, wekeni kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, gari limeshapashwa, na injini iliyopashwa huficha mengi: mnyororo wa ndani ya injini unaogonga kabla oili haijapanda, moshi wa mwanzo, kuwaka kwa shida. Hapo ni bora mrudi siku nyingine.

Injini ikiwa bado baridi, fungueni kifuniko cha kujazia oili. Ute wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko unaonyesha maji yameingia kwenye oili, na sababu kubwa huwa ni gasketi ya silinda hedi. Fungueni na kifuniko cha rejeta. Kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) iwe na rangi yake safi, nyekundu, ya waridi au kijani. Maji ya kahawia yanaonyesha kutu, na mafuta yanayoelea juu yake ni habari mbaya zaidi.

Sasa washeni swichi bila kupiga stata. Taa za onyo kwenye dashibodi lazima ziwake, kisha zizime injini ikishashika. Taa ya injini isiyowaka kabisa inatutia shaka kuliko ile inayobaki inawaka, kwa sababu wapo wanaochomoa balbu au kuziba taa. Fundi aunganishe mashine ya dayagnosisi, na asiishie kwenye makosa yaliyomo. Aangalie pia kama vipimo vya ndani vya kompyuta vimekamilika. Vingi vikiwa "havijakamilika", kumbukumbu imefutwa muda mfupi uliopita au betri ilichomolewa, na ni haki yenu kuuliza kwa nini.

Moshi wa bluu maana yake gari linakula oili. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto unatokana na maji. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi.

Giaboksi ndiyo inayoumiza mfuko kuliko vyote. Ukiwa umekanyaga breki, toa P kwenda R, kisha N, kisha D. Lisiposhika ndani ya sekunde moja au mbili, au likishika kwa kishindo, lina ugonjwa. Kisha pandeni nalo mwinuko wa kwenda UDOM, watu wanne ndani, AC imewashwa. Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) iliyochoka hutetemeka wakati wa kuondoka, au injini hulia sana huku mwendo hauongezeki. Mara nyingi chanzo ni kwamba mtu aliijaza ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, badala ya oili ya CVT.

Kwenye uwanja wazi, kata stelingi hadi mwisho na mzunguke taratibu, kushoto na kulia. Mlio wa ta-ta-ta kwenye gurudumu la mbele ni sivijointi, kiungo kinachopeleka mzunguko kwenye gurudumu hilo. Bonyezeni kila kona ya gari kwa nguvu. Ikiruka zaidi ya mara mbili, shokapu ya kona hiyo imekwisha. Kwenye tairi kuna tarakimu nne za mwisho wa mstari unaoanza na DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua la Dodoma hupasua mpira hata kama kashata (meno ya tairi) bado ni nzito, kwa hiyo someni tarehe kwanza.

Kuhusu hizo kilomita 61,000, tazameni raba ya pedali ya breki, ngozi ya stelingi na ubavu wa kiti cha dereva upande wa mlango. Vikiwa vimelika hadi kung'aa, kuna uwezekano mkubwa odomita imerudishwa nyuma.

Matairi, shokapu na sivijointi ni vitu vya kupunguziana bei. Maji kwenye oili, giaboksi inayotetemeka na chesisi isiyolingana na kadi si vya kupunguziana bei. Mkikuta kimojawapo, shukuruni na muondoke.

Likipita yote hayo, ombeni kadi halisi, siyo picha ya simu, na jina lake lilingane na kitambulisho cha anayewauzia. Mkiambiwa "kadi iko kwa mkopeshaji", hakuna shilingi inayotoka mpaka ionekane. Angalieni deni la faini za barabarani kwa namba ya gari. Lipeni kupitia benki, mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki TRA ufanywe mara moja, wala msisubiri "tukipata nafasi". Mwisho, bima ndogo hulipa hasara ya mtu mliyemgonga. Gari lenu wenyewe halimo. Kwa gari lililokula akiba ya miaka minne, tunawashauri bima kubwa, angalau mwaka wa kwanza.

Wahariri, habari za kazi. Nataka kuagiza Passo ya cc 996 kutoka Japani. Moja ina miaka 15, CIF Dar (bei pamoja na bima na usafiri hadi bandarini) dola 2,000. Nyingine ina miaka 7, dola 4,000. Ya kwanza si ndiyo nafuu? (Msomaji, Manyoni)

Bei ya kununulia ni nafuu, kodi siyo. Kwa viwango vilivyozoeleka, ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya CIF na VAT ni asilimia 18. Gari lisilozidi cc 1000 halina ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini. Lakini uchakavu una ushuru wake: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi miaka 10.

Piga hesabu. La dola 2,000: ongeza forodha 500, inakuwa 2,500. Ongeza uchakavu 750, inakuwa 3,250. VAT yake ni 585. Jumla ya kodi ni dola 1,835. La dola 4,000: forodha 1,000, VAT ya 5,000 ni 900, uchakavu hakuna. Jumla ni dola 1,900. Yaani tofauti ya kodi ni dola 65 tu, kwa gari lililo jipya zaidi kwa miaka minane. Kuna tozo nyingine ndogo, gharama za bandari, wakala na usajili, ambazo ziko kwa magari yote mawili.

Tahadhari mbili. TRA hutumia thamani yake yenyewe, si risiti yako, kwa hiyo ingiza gari husika kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika kilicho kwenye tovuti yao kabla ya kutuma hata senti. Na bajeti ya kila Juni inaweza kugusa viwango hivi.

Dai pia karatasi ya mnada, inayoeleza hali ya gari lilipouzwa mnadani Japani. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linavumilika, na R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari ulio kwenye karatasi hiyo, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, na S ni kutu. S nyingi huonyesha gari lililoishi sehemu za theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi. Hilo liache hata kama linang'aa, kwa sababu kutu ya chini haiponi. Mwaka wa Kijapani ukiandikwa H22, jumlisha 1988, unapata 2010.

Je, pistoni tatu itanifikisha Dar kila mwezi na familia ya watu watano? (Baba Juma, Kibaigwa)

Itakufikisha, ila haitakustarehesha. Injini ya 1KR-FE iliyo kwenye Vitz na Passo za cc 996 ni imara na inatumia mnyororo, siyo mkanda. Kutikisika kidogo ikiwa sailensi (inanguruma gari likiwa limesimama) ni tabia ya pistoni tatu. Kutikisika hadi dashibodi inalia ni maunti (raba inayoshikilia injini) iliyokufa. Kumbuka pia kwamba Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) kwa karibu asilimia 10. Watu watano, mizigo na AC, nyuma ya lori kwenye milima ya Gairo, utalazimika kuwa na subira. Kwa safari zako, tungechagua IST ya umbo la kwanza yenye injini ya 2NZ-FE, cc 1298, pistoni nne na giaboksi ya kawaida ya gia nne. Kwa anayezunguka kati ya Majengo, Kisasa na Mtumba, pistoni tatu inatosha kabisa.

Ukiwa nayo, usiisahau oili. Injini hii hubeba lita 3 hivi tu, kwa hiyo ikipungua lita moja, theluthi imekwenda. Tumia 5W-30, ubadilishe pamoja na filta kila kilomita 5,000. SAE 40 inayosifiwa kwamba "inakaa" huchelewa kupanda asubuhi, na mnyororo na VVT-i (mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka) ndivyo vinavyolipa.

Gari limefika kutoka Dar wiki iliyopita. Fundi anasema kulanti ni gharama bure, nijaze maji ya bomba. Na kila siku naamka limejaa vumbi jekundu. (Dada wa Ihumwa)

Usijaze maji hayo. Maji mengi ya Dodoma hutoka visimani na yana chumvi. Angalia ukoko mweupe ndani ya birika lako. Ukoko huohuo hujijenga kwenye njia nyembamba za rejeta, na injini huanza kuchemka mchana wa Oktoba ukiwa kwenye foleni. Mwaga yaliyomo injini ikiwa baridi, suuza kwa maji yaliyotoneshwa (distilled), jaza kulanti iliyokwisha changanywa, kisha iwashe kifuniko kikiwa wazi hadi mapovu ya hewa yakome.

Vumbi la nje halina neno, linaoshwa. Linaloua ni linaloingia ndani. Toa filta ya hewa kila kilomita 5,000. Ukiipuliza kwa kompresa, pulizia kutoka upande wa ndani kwenda nje, kwa sababu ukifanya kinyume unalisukuma vumbi kwenye karatasi. Ukiona mwanga haupiti tena, nunua nyingine. Filta ya AC iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi, na kwa gari lililotoka meli karibuni utakuta majani makavu ya Japani bado yamo.

Niweke spesa kwenye springi ili gari liwe juu? Njia ya kwetu Hombolo ina makorongo. (Kijana wa Hombolo)

Spesa ya sentimita mbili hadi tatu, mbele na nyuma sawa, inavumilika, mradi upime alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) siku hiyohiyo. Zaidi ya hapo pembe ya sivijointi inakuwa kali, buti zake (mipira inayoifunika) zinapasuka, grisi inatoka na vumbi linaingia. Gari pia linayumba kwenye kona. Kabla ya spesa, badilisha shokapu zilizolala. Mara nyingi urefu unaoutafuta umepotelea hapo.

Redio ya gari langu jipya inakamata stesheni mbili tu! (Binti wa Chang'ombe)

Haijaharibika. FM ya Japani huishia megahezi 90, na redio za karibuni 95, wakati stesheni zetu zinaenda hadi 108. Nunua bandi ekspanda, kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio, chenye waya mmoja wa umeme wa volti 12 na mwingine wa bodi. Waya wa umeme uunge kwenye ule unaopata moto swichi ikiwashwa, usije ukamaliza betri usiku. Ikiwa ni ya megahezi 20, stesheni ya 98.5 utaipata kwenye 78.5.