Kwa mnaoanza Linux hapa Kigoma: acheni kufuta maikrokodi

Vijana wa Mwanga na Ujiji, nimekuta tena laptopu ya mteja iliyofutwa maikrokodi (maelekezo ya ndani yanayoiongoza prosesa) kwa jina la uhuru wa programu, yaani kutotumia msimbo usiosomeka na umma. Nawapenda, bidii yenu naiona, ila hili limenichosha.

1. Kijana mmoja, fundi mzuri kweli, alimwekea Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, mama mwenye kibanda cha uwakala wa pesa. Akaondoa kifurushi cha intel-microcode, kinacholeta marekebisho ya maikrokodi za Intel, akamkabidhi: "Mama, mashine yako sasa iko huru." Ikaja kwangu kwa tatizo la chaji tu. Nikafungua terminali, nikasoma faili ya mds ndani ya /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities: "Vulnerable: Clear CPU buffers attempted, no microcode." Yaani kerneli, kiini cha Linux, inahangaika kusafisha mabaki ya data ndani ya prosesa, lakini prosesa haina maelekezo ya kusafishia. Udhaifu huo, uitwao MDS, ulitangazwa Mei 2019. Unairuhusu programu moja kuchungulia data za nyingine zinapopita kwenye prosesa. Na mama huyo anaingia benki kwa laptopu hiyohiyo!

Nikamwita kijana. Akanijibu hataki msimbo uliofungwa. Mdogo wangu, prosesa ilitoka kiwandani na maikrokodi yake tumboni, imefungwa vilevile. Ulichokataa ni marekebisho, na hasara ikitokea inamwangukia mama wa watu. Debian wenyewe walibishana muda mrefu, wakapiga kura mwaka 2022, na tangu Debian 12 ya Juni 2023 femwea (programu za ndani ya vifaa) zisizo huria zinakuja na kisakinishi rasmi, zikiwa zimetengwa kwenye fungu lake la non-free-firmware ili kila mtu ajue kipi kiko wazi na kipi kimefungwa. Fanyeni hivyo kwa wateja: mwelezeni mtu, aamue mwenyewe.

2. Draiva ya Wi-Fi ikigoma, usikimbilie kuzima Secure Boot, kinga inayokataa programu zisizo na saini inayoaminika. Tia draiva saini kwa ufunguo wako, kisha usajili ufunguo huo kwa programu ya mokutil.

3. Kabla ya kusasisha BIOS (programu inayoiwasha mashine), betri ijae na chaja iwe imechomekwa. Umeme wetu mnaujua.

4. Kuichukia Intel ME, kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya mashine za Intel, ni haki yenu, hata mimi siipendi. Novemba 2017 Intel yenyewe ilitangaza mianya ndani yake, na msimbo wake hatuna ruhusa ya kuusoma. Anayetaka kuikwepa kabisa atafute ThinkPad X200, aiwekee Libreboot, programu huria inayochukua nafasi ya BIOS, lakini iwe mashine yake ya kujifunzia, si ya mteja. Jumamosi tutafungua X200 moja pale karakanani. Mwenye klipu ya kuandikia chipu ya BIOS aje nayo.