Ndege Ikidunda, Usisukume Usukani

Mwenzangu wa mafunzo alivunja mguu wa tairi la mbele wakati anatua peke yake hapa Arusha. Alitoka mzima, Mungu ashukuriwe. Propela ilipinda, injini ikabidi ifunguliwe na kukaguliwa ndani. Tangu hapo, wadogo zangu wanaoanza urubani wakiniuliza kuhusu kutua, hili ndilo ninaloanza nalo: ndege ikigusa lami ikadunda, usisukume usukani mbele.

Mkono utatamani kusukuma. Pua imeinuka, lami inakimbia, unataka ndege ishuke sasa hivi. Ukisukuma, tairi la mbele litatangulia kugonga, na lile halikuundwa kubeba kishindo cha kutua; kazi hiyo ni ya matairi makuu mawili. Ndege itaruka tena, juu kuliko mwanzo, na kila mdundo unakuja na kishindo kikubwa zaidi. Weka nguvu yote ya injini, tuliza pua, acha mwendo uongezeke, kisha rudisha flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua) hatua kwa hatua, uzunguke uje upya. Mnara wa kuongozea ndege utaongea nao ndege ikishatulia.

Na sisi wa huku tuna la ziada. Uwanja wa Arusha, pale Kisongo, uko juu ya bahari kwa futi 4,500 na ushee. Mchana wa nyuzijoto 26, hewa inakuwa nyepesi kama ya karibu futi 7,000. Kipimo cha mwendo kikisoma noti 65 (maili za baharini kwa saa), kwa kweli unakata hewa kwa kama noti 72. Lami itaonekana inakuja mbio. Ukiamini macho ukapunguza mwendo, mabawa yanaweza kuacha kuibeba ndege ungali juu. Ukiongeza mwendo kwa woga, ndege itaelea, na ukiilazimisha kushuka itadunda. Amini kipimo.

Injini nayo hupungukiwa nguvu katika hewa hiyo, kwa hiyo usingoje mdundo wa pili ndipo uamue kupaa. Aliyezoea Moshi, kwenye futi kama 2,800, au Dar es Salaam, ataiona tofauti mara moja. Mwulize mwalimu mapema mchanganyiko wa mafuta uwekwe wapi kabla ya kutua, maana mafuta yakizidi hewa, injini itakuwa nzito wakati unaihitaji zaidi.

Kabla hujaruhusiwa kuruka peke yako, omba kipindi kizima cha kughairi kutua, mchana wa jua kali, mwalimu akiwa pembeni. Asubuhi ya baridi haitakuonyesha haya.