Kwa unayeanza kutafuta sarafu za kale kwa ditekta: jifunze shimo kwanza

Kama umenunua ditekta, yaani mashine inayolia ikipita juu ya kitu cha metali kilichofukiwa, wiki hii na unaishi Marekani kama mimi, najua unachokiota: sarafu ya fedha. Utaipata. Ila kabla hujaipata, nakuomba ujifunze kuchimba na kufukia, maana ni mashimo yako yatakayoamua kama sisi wengine tutaendelea kuruhusiwa kuingia bustanini.

Ruhusa kwanza. Kwenye hifadhi za taifa usithubutu. Huko hata kushika ditekta mkononi ni kosa. Bustani za mji kila moja ina kanuni zake. Mji huu unatoa kibali, mji jirani umepiga marufuku. Piga simu ofisi inayosimamia bustani, uliza, na kibali ukipewa tembea nacho.

Sasa shimo lenyewe. Kata ukoka kwa kisu cha kuchimbia, mkato wa kwato ya farasi, upande mmoja uachwe umeshikamana ili mizizi isife. Ufunue taratibu. Udongo unaotoka uweke juu ya taulo, usiumwage kwenye majani. Ukishatoa kitu, pitisha ditekta tena shimoni, kwani sarafu mara nyingi hudondoka mbili au tatu pamoja. Kisha rudisha udongo wote, laza ukoka, kanyaga, na wakati wa jua kali umwagie maji ya chupa. Rudi nyuma hatua tatu utazame. Ukiona ulipochimba, hujamaliza. Msimu wangu wa kwanza niliacha shimo wazi dakika chache nikafuate mlio mwingine, na mtoto aliyekuwa akikimbia akatumbukiza mguu. Hakuvunjika, lakini alilia sana, na mama yake alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Tangu siku hiyo sifungui shimo la pili kabla ya kufunga la kwanza.

Usitegemee namba za kwenye kioo cha ditekta peke yake. Vaa hedifoni usikilize. Fedha na shaba hulia kwa sauti nyembamba, ya juu, na hata ukizunguka robo duara na kupitisha upya, mlio ni uleule. Msumari wenye kutu hudanganya: upande mmoja unalia vizuri, ukizunguka sauti inakatikakatika. Vishikio vya makopo ya soda hulia katikati, na kwa bahati mbaya hapohapo ndipo zinapolia senti 5 na pete nyingi za dhahabu, kwa hiyo utachimba vishikio vingi sana. Vitie mfukoni, ukavitupe kwenye pipa. Wafanyakazi wa bustani wanaona.

Mahali, tafuta penye miti mikubwa ya zamani, mteremko ambao watoto huteleza wakati wa theluji, na palipokuwa na jukwaa la muziki. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka kwenye intaneti, bure, ramani za zamani za Sanborn, kampuni iliyochora miji jengo kwa jengo kwa ajili ya bima ya moto. Humo utaona majengo ambayo leo yameshakuwa nyasi tupu.

Kumbuka mwaka 1964. Senti 10, senti 25 na nusu dola zilizotengenezwa kwa matumizi ya kawaida hadi mwaka huo zina fedha asilimia 90. Hata mwaka ukiwa hausomeki, tazama ukingo: ya fedha ni nyeupe mzunguko mzima, ya baadaye ina mstari mwekundu wa shaba. Senti 1 yenye masuke mawili ya ngano nyuma ni ya 1909 hadi 1958.

Na usisugue! Sarafu yangu ya kwanza ya fedha ilikuwa senti 10 ya 1944, ile yenye kichwa cha Uhuru, aliyechorwa kama mwanamke aliyevaa kofia ya mabawa. Kwa furaha niliifuta matope kwa kidole gumba palepale. Mchanga ulikuwa bado umeing'ang'ania, ukachora mikwaruzo shavuni, na mikwaruzo hiyo haifutiki. Suuza kwa maji matupu, iache ikauke.

Jambo moja kwa Watanzania wenzangu, maana ndugu huniuliza kila nikienda likizo: "Si uilete hiyo mashine tukachimbe Kilwa?" Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba mabaki ya kale bila leseni, na sababu ni ya msingi. Sarafu ndogo ya shaba ya masultani wa Kilwa ikiwa bado kwenye tabaka lake la udongo, pamoja na vigae na shanga za jirani, inamsaidia mtaalamu kujua jengo lile lilikuwa na watu lini. Ukishaing'oa, habari hiyo imepotea, na hata ukiirudisha haitarudi nayo. Ukiikuta imefichuliwa na mvua, iache ilipo, ipige picha, ukamwite mhifadhi wa pale.