Ngazi kwenye picha za zamani: uliza kwanza inaenda wapi

Nyie mnaoanza kusoma majengo ya kale na picha za mwanzo mwanzo, naomba msikimbilie kuandika kwamba ngazi ni safari ya mbinguni. Karibu kila mgeni anaanzia hapo, ukimuuliza hiyo ngazi inaelekea wapi hana jibu.

Chukueni picha iitwayo A Sea of Steps ya mpiga picha Mwingereza Frederick Evans, aliyoipiga 1903 ndani ya kanisa kuu la Wells kule Uingereza. Angalieni vidato vyenyewe, vimelika katikati mpaka vimebonyea, maana hilo jiwe limekanyagwa tangu karne ya 13. Kulia ngazi inapinda kuingia ukumbi ambao makasisi walifanyia vikao vyao, na ile inayoendelea juu inafika kwenye daraja la karne ya 15, ambalo waimbaji wa kanisa walipita kwenda ukumbi wao wa kula bila kukanyaga barabara. Yaani ni ngazi ya watu wanaoenda kikaoni na kula! Na mimi naona hapo ndo uzito wake ulipo, kwa sababu lile wimbi ambalo Evans mwenyewe aliliona kwenye vidato limechongwa na miguu ya watu wa kila siku, karne kwa karne.

Halafu tafuteni nakala nzuri, tafadhali. Evans alichapa kwenye karatasi ya platinamu, picha inazama kwenye nyuzi za karatasi na kijivu kinakuwa cha kila aina, so ukitumia kipicha kilichobanwa cha WhatsApp yale mabonde ya jiwe yanageuka weusi mtupu, na hapo huna cha kusoma.

Jambo lingine ni mpigaji kasimama wapi. Evans yuko chini anatazama juu. Mpiga picha Mmarekani Alfred Stieglitz, kwenye picha yake ya abiria melini iitwayo The Steerage, 1907, yuko sitaha ya juu, abiria wa daraja la kwanza anayewatazama wa daraja la chini, na ngazi ya meli ipo palepale kati yao. Wengi wanadhani hao ni wahamiaji wanaingia Marekani wakati meli ilikuwa inaelekea Ulaya, kwa hiyo ile insha ya matumaini ya maisha mapya inaanguka yote.

Mimi kila picha ya ngazi nachora kwanza ramani ndogo pembeni ya daftari, mlango uko wapi, dirisha liko wapi, kamera iko wapi. Nikishamaliza hiyo ndo naanza kuandika.