Mbalungi wako usiuzamishe maji

Mtu akiniuliza mbalungi wake una shida gani mimi huwa sianzii kwenye majani, naanzia chini pale shina linapoingia ardhini, maana mti ukinyauka kidogo tu watu wanakimbilia ndoo wakati mara nyingi hayo maji ndo yanaumaliza. Naongelea lile balungi kubwa kabisa, tunda moja kilo moja mpaka mbili, ganda nene kama godoro.

Mizizi ya huu mti lazima ipate hewa. Udongo ukilowa siku nyingi mfululizo vimelea vya kuozesha mizizi vinapata nafasi, gome la chini linaanza kupasuka na kutoa gundi ya kahawia, majani yanageuka manjano na kudondoka, na mtu akiona hivyo anadhani ni kiu anaongeza maji tena!! Kwa hiyo kabla hujapanda chimba shimo, jaza maji, rudi kesho yake uangalie, kama bado yamesimama hapo usipande chini, inua tuta au tafuta sehemu nyingine. Halafu ile sehemu ya kiungo pale mche ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa juu ya shina la mti mwingine, ibaki juu ya udongo kabisa, isifukiwe hata na matandazo, yale majani makavu ya kufunika udongo. Matandazo ni mazuri sana, mimi siachi kuweka, ila yakae mbali kidogo na shina, kama upana wa kiganja hivi. Kumwagilia nako usimwagie shinani, mwagia kwa kuzunguka pale kivuli cha matawi kinapoishia, na kadiri mti unavyotanuka huo mduara unausogeza nje. Mwagia maji yashuke chini kweli kweli alafu acha udongo wa juu ukauke ndo urudie. Chomeka kidole, ukikuta unyevu ondoka zako.

Sasa mche. Najua inauma kutupa mbegu za tunda tamu ulilokula ila jamani mbegu ya balungi haikupi mti uleule. Machungwa mengi mbegu zake zinatoa miche inayofanana na mama, lakini ya balungi ina kiinitete (kile kimche kichanga ndani ya mbegu) kimoja tu kinachotokana na chavua kuchanganyika, kwa hiyo utakachopata hukijui, na unaweza kungoja miaka 7, 8 au zaidi ndo ugundue ni chachu. Mche wa kubebesha ukitunzwa vizuri unaanza kuzaa miaka 3 au 4. Ila uwe unakagua, machipukizi yote yanayotoka chini ya kiungo yang'oe mapema, ule ni mti mwingine unataka kuchukua nafasi. Majani ya mbalungi ni makubwa na kikonyo chake kina bawa pana, ukiona chini kunatoka majani ya aina nyingine kabisa ujue ndo hayo machipukizi.

Na kama mti umekua vizuri, unatoa maua kibao lakini matunda hakuna, angalia kama uko peke yake. Aina nyingi za mbalungi hazishiki mimba kwa chavua yake yenyewe, panda jamii nyingine ya mchungwa karibu, nyuki watamaliza kazi. Maua mengi na vitunda vidogo kudondoka ni kawaida, usipanike. Mti ukiwa bado mdogo mimi vile vitunda vya mwanzo navitoa, roho inauma lakini tawi jembamba na tunda la kilo mbili haviendani, litavunjika.

Mbolea weka kidogo kidogo mara kadhaa kwa mwaka kuliko kumwaga zote siku moja. Majani ya zamani yakiwa manjano yote mara nyingi ni naitrojeni imepungua, yakiwa manjano yale machanga huku mishipa imebaki kijani hapo fikiria zinki au madini ya chuma. Ile michirizi ya kupindapinda kwenye majani machanga ni kiwavi mdogo anatembea ndani ya jani, mti mkubwa unavumilia, sioni haja ya kupiga dawa. Sisimizi wakipanda kwa foleni fuata wanakoenda utakuta vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti.

Kuvuna usiharakishe, balungi likishachumwa haliongezeki utamu wa maana, kwa hiyo rangi peke yake isikudanganye. Libebe mkononi, liwe zito kuliko unavyotegemea kwa ukubwa wake, na chuma moja uonje kabla hujavuna mti mzima. Kata kikonyo kwa mkasi usivute. Ukiliweka sehemu yenye ubaridi linakaa wiki kadhaa vizuri tu.

Na kabla hujagawia watu, kama kuna anayekunywa dawa za presha au kolesteroli aulize kwanza kwa daktari au mfamasia, balungi linaweza kufanya baadhi ya hizo dawa zizidi mwilini.