Mama anatishia kulichoma daftari langu la mwisho wa mwezi

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 16, nasoma kidato cha tatu hapa Tanga. Kila mwezi unapoisha huandika katika daftari vitabu, filamu na tamthilia nilizozipenda, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi hujifungia chumbani nikarudia kile kilichonipendeza kuliko vyote. Siku hiyo huisubiri mwezi mzima. Mama ana duka la vitenge, na siku hizo huwa anahesabu mali mpaka usiku. Amesema akiliona tena daftari hilo atalichoma, kwa kuwa linanipotezea muda wa masomo. Kaka yangu naye hunicheka kwa kuandika riwaya ya Adam Shafi na tamthilia ya Kituruki katika ukurasa mmoja. Siku hizi namwambia mama naenda tuisheni, kumbe niko kwa rafiki yangu tunatazama. Je, niache?

Marahaba, binti yangu. Usiache.

Nimekaa muda mrefu na ule ukurasa ulioninakilia kutoka katika daftari lako. Umeandika kwamba ulimaliza kusoma Vuta n'kuvute, ile riwaya ya Adam Shafi, ndipo ukatafuta filamu yake, kwamba Yasmin, yule binti anayeozwa angali mdogo, alikuudhi mahali fulani, lakini kama ungeozwa wewe kwa mtu mzima kama Bwana Raza ungetoroka mapema zaidi. Chini yake ukaongeza kwamba katika kitabu unaisikia Unguja ya wakati wa Waingereza kwa mazungumzo ya watu wake, ilhali katika filamu unayaona mavazi, taa na vichochoro, ila kuna mambo uliyoyapenda ambayo hukuyakuta. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1999, na filamu ya Amil Shivji ikatoka mwaka 2021. Mwongozaji anayegeuza kitabu kinene kuwa hadithi ya muda mfupi hana budi kuchagua cha kubakiza na cha kuacha, na wewe, bila kutumwa na mwalimu, umeuona uchaguzi huo na ukaupima. Mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne utakutaka ujadili wahusika, dhamira na mandhari kwa mifano kutoka katika kazi ulizosoma. Msichana anayeweza kusema kwa nini mhusika amemuudhi, kisha akajiweka mahali pake, hapotezi muda wa masomo hata kidogo.

Pamoja na hayo, sidhani kwamba mama yako anakasirishwa na vitabu. Umetaja kwa sentensi moja tu kwamba mwisho wa mwezi huhesabu mali mpaka usiku, ukapita, na mimi naona hapo ndipo penye shida yenyewe. Mwenye duka la vitenge anapofunga mwezi hukunjua na kukunja doti moja baada ya nyingine, hulinganisha zilizobaki na zilizoandikwa, huwakumbusha wateja waliokopa wakaahidi kulipa mshahara ukitoka, na huku kodi ya fremu inamngoja. Jioni hiyo hiyo iliyo nzito kuliko zote kwake, binti yake mkubwa amefunga mlango na anacheka peke yake ndani. Huenda hata wewe, kama ungekuwa umechoka kiasi hicho, ungesema jambo la kuchoma daftari.

Kwa hiyo nakushauri uisogeze siku yako. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nenda dukani kwa hiari yako, ukae naye, yeye ataje na wewe uandike, mpaka hesabu zikamilike. Siku yako iwe Jumapili inayofuata, baada ya kazi za nyumbani, na muda wake ujulikane tangu mwanzo. Usimwombe ruhusa hiyo akiwa katikati ya hesabu. Ngoja apumzike, apate chai, kisha umwambie, "Mama, naomba nikusomee kidogo nilichoandika," na umsomee ule ukurasa wa Yasmin. Naamini atakuwa na la kusema kuhusu binti aliyeozwa angali mdogo, pengine maneno mengi kuliko unavyotarajia. Yeye amelishika daftari tu, hajui kilichomo.

Kabla ya hapo, hata hivyo, umweleze habari ya tuisheni. Jambo hili silipunguzi uzito. Mama anapoamini uko darasani nawe uko nyumba nyingine, siku utakapopata dharura njiani hatajua aanzie wapi kukutafuta, na kama amekuwa akikupa ada ya tuisheni, hiyo ni fedha iliyotoka katika vitenge vile vile. Mwambie wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, na ukubali adhabu atakayotoa, hata kama ni kukaa mwezi mmoja bila kutazama chochote.

Kuhusu kaka yako sina maneno mengi. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili hutazamwa na watu wazima wenye heshima zao, na wasanii wanaozitia sauti hizo hufanya kazi ngumu ya kuingiza maneno yetu katika vinywa vya wengine. Kuipenda tamthilia hakuiondolei riwaya thamani yake. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kitabu kina mwisho, ilhali tamthilia hukatizwa pale pale unapotaka kujua zaidi, ndiyo maana unajikuta ukitazama mpaka usiku wa manane. Chagua sehemu moja au mbili unazozipenda, uzirudie hizo, na simu uiache sebuleni wakati wa kulala.

Umegusia pia kwamba mwezi uliopita ulivisoma vitabu viwili vya mwisho kwa haraka ili orodha isionekane fupi. Hilo naomba uliache mara moja. Mwezi wenye kitabu kimoja uliochelewa nacho kwa sababu ulikuwa ukirudia kurasa ni mwezi mzuri kabisa, na uandike hivyo hivyo. Kama vitabu vya nyumbani vimekwisha, maktaba ya mkoa iko hapo hapo Tanga; uliza masharti ya uanachama wa wanafunzi, na ukienda kujiandikisha, mwambie mama ni wapi unakwenda na saa ngapi utarudi.